Mratibu wa Veranda

Kwanza mnielewe: mimi nilienda kwa ile ofisi kulalamika. Nina hoteli ndogo hapa Kericho mjini, karibu na steji ya magari, chai na mandazi asubuhi, ugali na sukumawiki mchana, na mbele yake nina veranda ya saruji niliyoigharamia mwenyewe. Sasa kila nikija kufungua asubuhi nakuta wazee wamelala pale, wamejipanga, wamejifunika mpaka kichwa, na mteja anaogopa kuruka mtu ili apate chai. Nikaambiwa kuna mtu anayehusika na hao watu, yuko orofa ya pili juu ya duka la dawa za mifugo. Nikapanda zile ngazi nikiwa nimeshashika kiuno. Niliposhuka nilikuwa nimefanywa mshirika wa mradi, na wazee wa veranda yangu walikuwa wameongezwa wawili.

Huyo ndiye Mratibu. Jina lake nalijua, na nusu ya mji inalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, nilimsikia sokoni akiambia mwenzake, "Mratibu amesahau tena kununua sukari." Cheo chenyewe kamili kilikuwa Mratibu wa Huduma na Makazi kwa Watu Wasio na Makao. Fundi aliyekiandika kwenye mlango alianza kwa herufi kubwa za kujivunia, mlango ukamwishia kwenye neno "Wasio". Haikurekebishwa. Mratibu alisema wanaomtafuta hawasomi milango, wanaulizia kwa watu.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa upande wa Bomet, mwenye majani yake ya chai huko kwao na sweta ya kufumwa ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Alitembea na mwavuli mweusi lakini sikumwona akiufungua hata siku moja. Mvua ya saa tisa ikishuka, na hapa kwetu inashuka karibu kila siku, alikimbilia veranda iliyo karibu akasimama pale na raia wengine. Alisema huwezi kujua veranda ipi inavuja ukiwa umejifunika mwavuli. Mwavuli ulikuwa wa kuelekezea watu.

Siku ile ya kwanza nilimuuliza wazi, "Nyinyi ndio mnawatafutia hawa watu nyumba?"

"Ndiyo, mama."

"Na nyumba ziko wapi?"

"Nyumba hakuna," akasema. "Kuna mpango."

Alisema bila haya hata kidogo, kama mtu anayekwambia mandazi yameisha lakini chapati zipo. Kisha akanieleza huo mpango. Kwa kuwa nyumba hazijapatikana, yeye alikuwa anaratibu veranda. Mji mzima alikuwa ameugawa. Veranda ya duka la mbao ilikuwa ya vijana, maana askari wa pale ana rungu na vijana wanajua kukimbia. Veranda ya benki ilikuwa ya wageni waliofika juzi juzi, kwa sababu ina taa, na mtu akiibiwa angalau atamwona anayemwibia. Ya bucha haikupewa mtu kwa sababu ya mbwa. Na yangu, kwa vile imeegemea ukuta wa jikoni na ukuta unashika joto mpaka karibu alfajiri, ilikuwa ya wazee wenye kifua. "Wewe, Mama Hoteli," akaniambia, "una veranda ya daraja la kwanza." Jamani, mtu akikusifia veranda utamjibu nini? Nilijikuta namuuliza kama hao wazee wanakunywa chai ya maziwa au ya rangi.

Hakukubali waitwe chokoraa, wala watu wa mtaani, wala hata wasio na makao, ingawa hilo lilikuwa kwenye cheo chake. Aliwaita wakazi. "Huyu ni mkazi wa veranda ya mbao." "Mkazi wa benki ameugua tumbo." Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikasikia wateja wangu nao wanasema hivyo, na mmoja akaniuliza kwa heshima zote kama mkazi wa mlangoni kwangu angeweza kusogea kidogo apite.

Msidhani alikuwa mtu mpole. Huruma yake ilikuwa haba kuliko nyama kwenye supu ya mshindani wangu. Mlevi akimlilia alimwambia, "Maliza kulia, ndio tuongee." Shilingi hakumpa mtu. Na mkazi mpya akiletwa ofisini, hakumuuliza ametoka wapi wala ana shida gani, maana alisema shida anaiona. Swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Ukifa leo, nani atakuja kukuzika?"

Watu waliruka kutoka kwenye kiti. Kuna mama mmoja alijitemea mate kifuani na kutoka mbio, akidhani ofisi ni ya mchawi. Lakini Mratibu alikuwa na hoja yake. Alisema ukimuuliza mtu kama ana ndugu, atakataa, kwa sababu amegombana nao au anaona aibu. Ukimuuliza ni nani atakayemzika, anawataja wote, na namba za simu, na nani atakuja na sufuria. "Watu wetu," alisema, "kwa mtu mzima hawana nauli. Kwa maiti wanakodi basi." Kwa hiyo alipanga kazi yake kuanzia mwisho, kutoka kaburini kurudi nyumbani.

Mwenyewe, sasa, mazishi aliyaogopa. Ndiyo, yeye. Akialikwa matanga alisimama mbali kabisa karibu na maegesho, na jeneza likifunguliwa watu waone mwili, Mratibu alikuwa na simu ya haraka ya kupokea. Nilimtania kwamba anaongea na marehemu kwa simu. Hakucheka.

Na kuna jingine la ajabu kuliko hilo. Mtu huyu, aliyelaza mji mzima, nyumbani kwake hakulaza mgeni. Mkewe alinieleza tukiwa kwenye foleni ya unga. Binamu akija kutoka Sotik, Mratibu alimpokea vizuri, akampa mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, akamwuliza habari za ng'ombe mmoja mmoja, na saa kumi ikikaribia akaanza kutazama barabara na kusema gari la mwisho huwa halingoji. Sebuleni kulikuwa na kochi refu ambalo hakuna mtu aliyewahi kulilalia. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa hasira kwamba kazi ya ofisini haibebwi nyumbani.

Kati ya wazee wa veranda yangu, mwenye kifua kibaya zaidi alikuwa Mzee Okoth. Alichuma majani ya chai kwa kampuni tangu ujana mpaka mgongo ukazoea kuinama. Mimi mwenyewe nimezaliwa lain, yaani zile nyumba za wafanyakazi kwenye mashamba ya chai. Wazazi wangu, kama yeye, walitoka ziwani kuja kuchuma, kwa hiyo sihitaji kuelezwa. Nyumba ni ya kampuni. Ukiwa na kazi unalala, kazi ikiisha unatoka na godoro lako. Mashine za kuchuma zilipoingia, watu wakapungua, na mashine haihitaji chumba. Mzee Okoth alitoka na godoro, mvua ikalila godoro, akabaki na koti na Biblia. Mkewe alikuwa ameenda zake miaka mingi nyuma. Daktari wa zahanati alimwambia mbele yangu kwamba hicho kifua hakitamaliza Julai nyingine nje. Julai ya Kericho mnaijua wenyewe, ukungu unaingia mpaka kwenye sukari. Basi mwaka ule Mratibu alikuwa na kazi nyingi za kuandikia ripoti, lakini mimi nilimwekea moja tu: Mzee Okoth awe ndani ya nyumba kabla ya Julai, la sivyo asinione akitaka chai.

Akamwita, akamwuliza lile swali lake.

"Atakayenizika ni kaka yangu mkubwa," Mzee Okoth akajibu, hakushtuka hata. "Yuko Nairobi. Akisikia nimekufa atakuja na gari lake mwenyewe."

"Na akisikia uko hai?"

"Hiyo hajaisikia."

Ilibainika mzee ana binti, ameolewa huko Oyugis, ana nyumba kubwa. Mratibu akafurahi, akasema mambo yamekwisha. Mzee Okoth akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mimi nilale kwa nyumba ya mkwe wangu? Nivue suruali mahali binti yangu anapika? Afadhali hii veranda, angalau hapa sina ukwe na mtu." Mratibu akanigeukia nimwambie kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli kabisa, kwetu mzee halali kwa mkwe. Akashusha pumzi na kuelekeza mwavuli mahali pengine.

Hapo kabla sijaendelea lazima niseme habari za blanketi. Mashirika ya kusaidia wakazi yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa na kofia zake na blanketi zake. Kila likija, blanketi. Picha, blanketi, kwaheri. Kuna wakati Mzee Okoth alikuwa na blanketi za kufungulia duka, na hana mahali pa kuziweka, akaniomba stoo. Kazi kubwa ya kuratibu, niliyoiona kwa macho yangu, ilikuwa kuwazuia wasilete zote siku moja. Walikutana kila mwezi kwenye hoteli kubwa yenye bustani, siyo yangu, wanakula keki, wanajadili namna ya kuwafikia walengwa, na walengwa wako nje ya geti wanangoja keki ibaki. Mratibu ndiye aliyewaongoza, na aliongoza vizuri, kwa sauti ya kanisani. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema, "Mama, mtu akizoea kutoa blanketi, ukimwomba bati anaona umemtusi. Namzoesha pole pole."

Pole pole yake ilikuwa na haraka yake pia, na hii niliiona siku moja. Alikuwa na majivuno fulani ya kwao. Alipenda kusema kwamba Mkipsigis hana chokoraa, kila mtu ana kipande cha shamba, hata kama ni cha kufungia mbuzi mmoja. Aliniambia hivyo mimi, mtoto wa lain, bila kuona vibaya. Basi asubuhi moja akipita kusalimia, akasema "Chamgei" kwa blanketi moja pale benki, na ile blanketi ikamjibu kwa lafudhi ya nyumbani kwao kabisa. Alikuwa mtu wa Roret, wamesoma pamoja, aliuza sehemu yake ya shamba akanywa yote. Mratibu hakuuliza nani atamzika. Hakuitisha mkutano. Alimweka kwenye pikipiki kabla watu hawajafungua maduka, na kufikia jioni yule bwana alikuwa kwa mjomba wake, ana kitanda. Nikamwambia, "Kumbe inawezekana kwa siku moja." Alinikasirikia wiki nzima, akawa anakunywa chai kwa jirani.

Sasa kwa Mzee Okoth alitulia akafikiri kwa akili ya mkulima wa chai. Mzee ana boma la baba yake, huko chini ukishapita Sondu. Shamba lipo, binamu analitunza. "Huyu hana shida ya makao," akasema. "Huyu hajajengewa, basi." Na kweli akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: aliwabembeleza watu wa blanketi wakatoa mabati, wengine mbao, wengine saruji, fundi akapatikana, na kufikia Mei nyumba ilisimama. Chumba na sebule ndogo, dirisha la kioo, mlango wa mbao na kufuli mpya.

Siku ya kuifungua tulienda sote kwa gari la mradi, tukapita Kapsoit, Sigowet, tukateremka mpaka joto likatupiga usoni. Mheshimiwa mmoja alikuja kukata utepe. Akatoa hotuba ndefu kuhusu utu, akamkabidhi Mzee Okoth ufunguo. Mzee akapokea kwa mikono miwili, akashukuru kila mtu, akaomba sala nzuri iliyotutoa machozi. Akafungua mlango, akauacha wazi, akarudi nyuma hatua mbili. Tukasema ingia, mzee, ni yako. Akatabasamu tu. "Amezidiwa na furaha," Mheshimiwa akaeleza watu wa kamera, na kwa kuwa mawingu yalikuwa yanafunga, tukapanda gari.

Kabla wiki haijaisha nilifungua hoteli asubuhi nikamkuta Mzee Okoth kwa veranda. Mahali pake palepale. Ufunguo uko shingoni, ameufunga kwa kamba ya kiatu.

Mratibu alikuja mbio kwa hasira. "Mzee, mlango umekataa kufunguka?"

"Unafunguka vizuri sana."

"Bati linavuja?"

"Halivuji. Nyumba ni nzuri. Nimekaa nje nikaitazama mpaka shingo ikauma."

"Sasa shida ni nini?"

"Kaka yangu mkubwa hajajenga."

Mratibu akanitazama. Na mimi, Mungu ananiona, sikuwa nimejua. Nilidhani yule wa Nairobi amejenga kwao zamani. Nani ana gari halafu hana hata kibanda kwa boma la baba yake? Nikamweleza. Kwetu mdogo hamruki mkubwa. Kwa boma la baba, wa kwanza anajenga kwanza, analala humo, ndipo anayemfuata naye ajenge. Ukimruka unaleta chira nyumbani, ugonjwa na vifo, na anayelipa si wewe peke yako, ni watoto wa watu. Nyumba yote ile, saruji, kioo, utepe, hotuba, mzee asingeweza kuikanyaga.

"Lakini, mzee," Mratibu akasema, karibu kulia, "si umeokoka wewe? Kila Jumapili nakuona na Biblia."

"Mimi nimeokoka," akajibu Mzee Okoth. "Boma halijaokoka."

Mratibu akaketi. Hapo hapo kwa veranda, kati ya wazee, na sweta yake. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa mahali anapowaweka watu. Akauliza taratibu, akipanga maneno: "Kwa hiyo ili mtu asiye na nyumba alale, lazima nimtafutie nyumba mtu mwenye nyumba Nairobi."

"Ndiyo," Mzee Okoth akasema, kwa furaha ya mtu ambaye mwishowe ameeleweka. "Na alale humo. Hata usiku mmoja tu."

Tulimpigia yule kaka. Mimi nilikuwepo, simu iko kwa spika juu ya meza ya mandazi. Sauti nzito ya mzee wa kanisa. Akasema yeye aliacha mambo ya giza, hawezi kujenga kibanda kwa sababu ya kuogopa mizimu, mwambieni ndugu yangu aingie tu kwa jina la Yesu. Mzee Okoth akainama karibu na simu akasema, "Mwambie aje aingie yeye kwanza, kwa jina hilo hilo." Simu ikakatika. Kilichofuata ni Juni. Kile kifua kikaanza kupiga kelele usiku kiasi kwamba wazee wenzake waliomba wahamishiwe veranda ya mbao, kwa vijana. Mimi nilimwona anakohoa akishika ukuta wa jiko langu, nikaingia ndani nikalia, na sikumficha mtu.

Ndipo Mratibu akafanya lile ambalo mpaka leo likitajwa hapa steji watu wanaacha kula. Alimpigia tena yule kaka, akamwambia sentensi moja tu: "Kamati ya mazishi ya ndugu yako inakaa Jumamosi saa nne, hoteli iliyo karibu na steji." Akakata. Hakuwa amedanganya hata neno. Alikuwa kweli ameitisha kamati.

Na watu wakaja! Nilipika chai mpaka majani yakaisha, hapa Kericho. Walikuja wachumaji wa zamani kutoka kambi zote, watu ambao Mzee Okoth alipolala nje hawakupita hata kumsalimia. Walijua yu hai; wengine walimsalimia mlangoni; lakini kamati ya mazishi ni kamati ya mazishi, mtu haikosi. Mzee mwenyewe alikaa mbele na kikombe, akifuatilia kwa makini. Walipofika kwenye mambo ya tenti alisema tenti moja inatosha. Walipompangia mhubiri fulani alimkataa, akasema huyo huwa hajui kumaliza.

Saa tano gari jeusi likasimama. Kaka mtu akatoka, suti nyeusi, tai nyeusi, mkononi shada la maua limefungwa nailoni. Watu wakamfungulia njia kwa heshima. Akaingia, akainua macho, akamwona marehemu anachovya mandazi.

"Okoth?"

"Omera, ndugu, karibu. Tumefika kwa sufuria."

Sijui niseme alifanya nini na lile shada. Nakumbuka tu lilikuja kukaa juu ya friji langu. Watu walitaka kucheka, wakaogopa. Mratibu akasimama, na kwa sauti yake ile ya mikutano akamwambia: "Mzee, karibu. Tulikuwa tunapanga atakapozikwa. Atazikwa kwao. Nyumba anayo, lakini hawezi kuingia kwa sababu yako haipo. Siku akifa, mnajua wenyewe, mtakuja na taa na misumari, utasimamishiwa kibanda usiku huo huo na utalala humo, uokoke usiokoke, ili ndugu yako azikwe vizuri. Sisi tunaomba kitu kidogo tu. Fanya hivyo sasa, aone."

  Kisha Mzee Okoth akaweka kikombe chini. "Ndugu yangu," akasema, "umekuja na suti. Umeacha kazi, umejaza mafuta. Mimi nimekaa hapa nje miaka, na ungekuja hivi hivi na shati la kawaida ningefurahi zaidi."

Yule mtu mzima akaketi kwenye kiti changu cha plastiki akafunika uso. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwetu, na wale wachumaji, kwa sababu walikuwa wamekuja kulia tangu asubuhi, wakamsaidia.

Jumatatu mabati yalipelekwa. Kibanda cha kaka kilisimama kabla jua halijazama, kidogo, upande wa kulia wa lango, kama inavyotakiwa. Alilala humo peke yake na suti yake imetundikwa msumarini. Mratibu hakubaki kuona. Saa kumi alianza kutazama barabara. Mimi nilibaki kuwapikia. Asubuhi kaka alitoka ameumwa na mbu uso mzima, akamwendea mdogo wake aliyekuwa amelala kwa binamu, akamshika mkono, akamwonyesha mlango.  Mzee Okoth aliingia, akafunga, na hatukumwona mpaka saa nane mchana. Alikuwa amelala.

Kwenye ripoti ya mradi iliandikwa kwamba watu wawili walipatiwa makazi. Mratibu alinisomea mwenyewe, uso umekauka. Wa pili ni yule wa Nairobi mwenye gari. Walimtumia barua ya kumpongeza kwa kutoka mtaani.

Mradi uliisha jinsi miradi inavyoisha. Gari lilichukuliwa kwanza, halafu kompyuta, halafu Mratibu. Alirudi kwa chai yake huko Bomet. Ofisi sasa ni ya mtu wa kurekebisha simu, na nisiwadanganye, wazee bado wanalala kwa veranda yangu, na hakuna anayewapanga, nawapanga mimi. Blanketi bado zinakuja.

Sikumwona muda mrefu. Halafu juzi, Alhamisi, siku ambayo biashara hulala, akatokea na sweta ileile, amenunua mkate na sukari. Akasema anataka kwenda kumsalimia mkazi mmoja, kama sina kazi. Kazi ninayo, lakini nilivua aproni. Tulishuka mpaka Sondu tukiongea habari za bei ya majani na mkewe, na kutoka barabarani tukatembea, yeye mbele na mwavuli, wala hakuuliza njia.

Bomani kulikuwa kimya. Kibanda cha kaka kimefungwa, kuku wanakaa mlangoni kwake. Kwa Mzee Okoth pazia limeshushwa. Mratibu, kwa mazoea yake ya kuinua blanketi za watu bila kuuliza, alifika akasukuma mlango. Ulikuwa umekomewa kwa ndani.

"Nani huyo anasukuma mlango wa watu?" sauti ikatoka.

"Ni mimi, mzee! Mratibu!"

"Hata kama ni wewe. Hapa si veranda. Piga hodi."

Mratibu akanitazama, akatazama mlango. "Hodi," akasema.

"Nani mwingine?"

"Na Mama Hoteli."

"Haya. Ngojeni hapo, navaa."

Tukangoja. Tulisikia kiti kinavutwa, maji yanamiminwa kwenye beseni, kitanda kinatandikwa bila haraka yoyote. Mvua ikaanza kudondoka, ile nyepesi, na nyumba ile haikujengewa veranda. Kwa mabati yote aliyokusanya Mratibu, hakuna aliyekumbuka. Akanigeukia, maji yanamtiririka puani, na nilikuwa sijawahi kumwona na furaha ya namna hiyo.

"Mama," akaninong'oneza, "ametufungia nje."

Akauingiza mkate ndani ya sweta usilowe, akasimama wima mbele ya mlango, akaendelea kungoja.